Jina Nililolitaja Ukumbini

Ipo siku moja naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu: chai ya tangawizi, viti vya plastiki vilivyopigwa na jua, na mimi nimesimama mbele ya watu nikijiona profesa. Wakati huo sikuwa na mvi hata moja. Akili nazo zilikuwa chache, lakini hilo sikulijua.

Kwanza ujue nilivyo. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu walifika Durban wakaizunguka yote, mimi nilijua njia tatu tu: ya kibandani kwangu katikati ya jiji, nilikotengeneza simu, ya kanisani, na ya kurudi kitandani. Mke wangu alizoea kusema kwamba hata nikifa hawatahitaji picha, godoro lina umbo langu.

Sisi watu wa Burundi na Kongo tulikuwa na ligi yetu, timu sita, tukicheza Jumamosi kwenye uwanja wa vumbi kule Jacobs, nyuma ya viwanda. Mwenyekiti wa ligi, Mkongo aliyekuwa na kaka Marekani, alituletea utaratibu wa wale wanaocheza besiboli: kabla ya msimu, timu zote zinakaa ukumbi mmoja na kuchagua kwa zamu vijana wasio na timu, na iliyoshika mkia ndiyo inaanza. Kila timu ina bajeti yake ya usajili na haiongezi hata senti. Juu ya hayo kulikuwa na sheria nzito: jina likishatajwa ukumbini, halirudi. Fedha ni zake. Ni mchezaji mwenyewe au mzazi wake tu anayeweza kukataa. Iliwekwa kwa sababu zamani watu walibadili majina baada ya kuitwa pembeni na kununuliwa soda.

Sisi mkia tulikuwa tumeushika kwa mikono miwili. Kipa wetu alikuwa amehamia Johannesburg, na bajeti ilitosha mtu mmoja wa maana. Mtu mwenyewe alikuwepo: Fiston, kipa, kijana wa Kirundi aliyekuja uwanjani kila Jumamosi hata mvua inyeshe. Timu nyingine zote zilikuwa na makipa wao. Mjomba wake alikuwa amemwambia, usipopata timu mwaka huu, Jumatatu unapanda basi la Cape Town ukalinde magari ya watu. Kwa hiyo tumaini lake lote lilikuwa sisi.

Kocha wetu, Papa Léonard, fundi cherehani kutoka Bujumbura, akaniita. "Wewe umemaliza sekondari," akasema, "unajua kuchora majedwali. Nenda uwanjani Jumamosi nne, uwatazame vijana, uwape alama. Macho yangu yamezeeka, yanamwona kila mtu hodari."

Jumamosi nne! Taxi, yaani daladala za kule, mbili kwenda, mbili kurudi, na vumbi juu yake. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilitaka cha mvunguni nikiwa nimelala juu ya kitanda hicho hicho. Nikasambaza namba yangu: mwenye kipaji atume video.

Fiston alituma moja tu. Jua lilikuwa limepiga kamera, na mpira ukampita kama mgeni asiyebisha hodi. Nikampa nne juu ya kumi. Kisha zikaanza kuingia video za Trésor.

Mguu kama ule sijauona tena. Winga mwembamba, jezi namba saba, akiwapita watu watatu mbele ya ukuta wa bluu kana kwamba wamepandwa pale. Lakini video zake hazikuwa na sauti. Vumbi linapanda, midomo inafunguka, watu wanaruka kwa furaha, na kimya. Nilidhani simu yangu imekufa spika, nikaifungua na kuifunga, fundi mzima. Ilikuwa nzima. Nikaandika, "Iko ya mguu wa kushoto?" Haikupita dakika, ikaja ya mguu wa kushoto. "Na ya kichwa?" Ikaja ya kichwa. Chochote nilichoomba, alikuwa amekwisha kukicheza. Ungekuwa wewe, mwanangu, nywele zingekusimama. Mimi nilichukua kalamu nikaandika: Nidhamu, kumi juu ya kumi.

Nikamuuliza, "Jumamosi utakuja ukumbini?"

Akajibu, "Mukiniita, nitakuja."

Siku ya kuchagua, tukiwa kwenye foleni ya taxi kuelekea Queensburgh, Papa Léonard aliniuliza swali moja tu. "Uliyemchagua, umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona, Papa."

"Basi usinitajie hapa. Foleni hii kila sikio lina timu."

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Fiston alikaa kiti cha nyuma kabisa, njumu zake ndani ya mfuko wa plastiki, magoti yakicheza. Mwenyekiti akatuita wa kwanza. Nikasimama, nikafungua jedwali langu taratibu ili kila mtu aone nilivyolipiga rula, nikasema: "Tunamchukua Trésor, winga, namba saba."

Mama aliyekuwa akimimina chai aliacha kumimina. Nikadhani ni wivu. Mwenyekiti akasema kwa sauti ndogo, "Rudia, petit, mdogo wangu." Nikarudia kwa sauti kubwa.

"Trésor wa nani?"

Nikataja namba ya simu. Mzee mmoja pembeni akaitambua, akafanya ishara ya msalaba.

"Ulimuona wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Uwanjani Jacobs. Wiki jana." Uongo, mwanangu, ni kama kutoa mguu mmoja kwenye tope: wa pili unazama zaidi.

"Nyuma ya goli iko nini?"

"Ukuta wa bluu."

"Ule ukuta walibomoa mwaka juzi. Sasa iko waya tu." Akavua miwani. "Na Trésor tulimuzika kabla ya ukuta kubomolewa. Homa, siku tatu. Mimi nilibeba jeneza."

Ilikuwa saa nane mchana, jua linachoma mabati, na mikono yangu ikawa baridi kama samaki. Na hapo hapo simu ikatetemeka mfukoni. Niliitoa, lakini sikutaka kuisoma. Papa Léonard aliichukua mkononi mwangu, akaisoma, akanirudishia. Iliandikwa: "Wameniita?"

Hakuna aliyecheka. Zamu ziliendelea, majina yakatajwa, na la Fiston halikutajwa. Aliondoka na mfuko wake bila kumtazama mtu. Maji yalikuwa yamemwagika; wa kuyazoa hakuwepo.

Nilingoja Papa Léonard anigombeze. Tulipofika kwenye robot ya kwanza, taa za barabarani, akasema tu, "Ungesema hujamwona, ningekwenda mimi. Miguu yangu imezeeka, lakini inafika." Ningependa kofi, mwanangu. Kofi hupoa.

Kesho yake, baada ya ibada, tulikwenda kwa Mama Trésor, msusi wa nywele aliyeishi chumba kimoja katikati ya jiji. Njiani Papa Léonard aliniambia kile ambacho uwanja mzima ulikijua isipokuwa mimi: tangu mazishi, hakuna aliyemsikia yule mama akisema kwamba mwanawe amekufa. Ukimuuliza, husema ametoka.

Alifungua mlango kabla hatujabisha. Mezani palikuwa na sahani za wali. Nikazihesabu, kisha nikatuhesabu sisi. Sahani zilikuwa nne.

Papa Léonard akaweka mezani bahasha ya usajili na jezi namba saba. Haki ilikuwa ya mama. Angeipokea, ingekuwa yake kwa sheria, na Fiston angepanda basi kesho yake. Fundi cherehani mzima yule mzee, alijua kungoja. Akanitazama, na nikaelewa kwamba mlango ule ni mimi wa kuufungua.

"Mama," nikasema, "nilisema mbele ya watu kwamba nimemwona mtoto wako. Sikumwona. Hata nyumbani sikutoka."

Mama akaziacha sahani, akanigeukia. "Ni wewe uliuliza juu ya mguu wa kushoto?"

"Ni mimi, Mama."

"Hakuna mutu alikuwa ananiuliza tena juu ya mguu wake wa kushoto," akasema. "Nilifurahi sana."

"Na sauti?" Sijui nani alinituma kuuliza.

"Sauti nilitoa kwa zile video, nikaiweka. Sauti iko yangu."

Ndipo Papa Léonard akasema polepole, "Mama, kuna kijana anaitwa Fiston. Kesho anapanda basi."

Alipitisha kiganja juu ya ile saba kama anayelainisha nywele za mtu. Chini barabarani kondakta wa taxi alikuwa akipiga mluzi. "Muandike," akasema, "Trésor hatakuja." Kisha akageuza uso kuelekea kona ya chumba, palipokuwa na pazia, akasema kwa nguvu zaidi, kama anayemwambia mtu: "Trésor hatakuja. Alikufa." Akainua sahani ya nne, akaifunika kifudifudi. Bahasha akatusukumia. Jezi akabaki nayo.

Pazia lile lilitikisika. Dirisha lilikuwa wazi, mwanangu. Nami nimeamua kuamini ni dirisha.

Siku hiyo mtu wa godoro alikimbia. Nilimkuta Fiston Queensburgh kwa mjomba wake, begi limefungwa nusu.

"Nilisikia mlimchagua marehemu," akasema.

"Tulimchagua. Mama yake amekupisha."

Alikaa juu ya begi lake. "Eish, kaka. Sawa. Ila mimi saba sivai."

Mechi ya kwanza nilikwenda, na vumbi nikala. Mama Trésor alisimama nyuma ya goli la Fiston, kando ya ule waya, ameinua simu, anarekodi. Kila mara Fiston aliporuka, simu ilimfuata. Sikujua nifurahi au niombe.

Basi sikia, mwanangu, wewe unayechagua mchumba, mfanyakazi na hata mchungaji kwenye kioo cha simu. Kabla hujamtaja mtu mbele za watu, nenda ukamwone, umpe mkono, usikie mkono wake una joto. Miguu ikikataa, sema tu "sijamwona". Neno hilo halijamwaibisha mtu kama uongo ulivyoniaibisha mimi. Na ukimpa mtu alama ya nne, kumbuka nyuma ya nne ile kuna begi linafungwa. Ukikuta mama anangoja jina la mwanawe litajwe, mtajie, keti, ule wali wake. Lakini usimdanganye, maana yeye tayari anajidanganya vya kutosha na kazi hiyo haihitaji msaidizi.

Mungu akupe miguu inayofika kabla ya mdomo wako. Walio hai wakuitikie ukiwaita, na wale waliotangulia uwakumbuke kwa upendo, nao wapumzike.