Keki ya Rukia na Boksi la Hemedi

Rukia binti Waziri ni jirani yangu hapa Shangani, ukuta kwa ukuta. Ana mdomo mzito lakini mkono mwepesi. Keki zake za harusi huzioka kwenye sufuria lenye mchanga, moto chini na makaa juu ya mfuniko, na sijaona iliyoungua. Mtu wa namna hiyo mumewe anamletea maikrowevu!

Tusidanganyane, Hemedi hakumletea chombo cha jikoni. Alikuwa ameposa Naliendele, kwa binti anayeitwa Mwajuma, na kwa watu wao mwanamume akitaka kuongeza mke humpa wa kwanza kitu cha kumpoza moyo. Ukikitumia, umeridhia. Ukikiacha kama kilivyokuja, ndugu zako wana la kusema.

Na walisema. Nyumba wanamokaa ni ya marehemu mama yao Rukia na nduguze, si ya Hemedi, ingawa ukimsikia barazani utadhani aliijenga kwa meno. Nassoro, kaka yake Rukia, alimwambia mbele yetu, "Shemeji, kuoa ni haki yako. Ila kumweka mtu kwenye nyumba ya mama yetu, hapo ni mpaka dada apokee kipozeo chako. Asipopokea, katafute pa kumweka."

Rukia aliinuka. Alilisukuma boksi kwenye pembe ya sebule, akalifunika kwa kanga. Mfungo mosi ukapita, mfungo pili ukapita, boksi liko vilevile na gundi yake. Hemedi akawa analitazama kila akiingia, kama mtu anayetazama mlango uliofungwa kwa ndani. Mimi nilifurahi, sifichi. Nilimwambia, "Shikilia hapo hapo, shoga."

Kisha Shadya, binti yake wa pekee, akaugua malaria. Homa ilipomwachia, chakula kikawa hakipiti. Uji hataki, ndizi hataki, supu ya pweza akaitapika. Mchana mmoja wa mvua, ile mvua yetu ya kulaza mikorosho, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, natamani keki ya chokoleti."

Mama gani angekaa? Rukia alikimbilia jikoni, akakuta gesi imekwisha. Mkaa ulioanikwa uani ulikuwa tope tupu. Alikuja kwangu, nami sikuwa na hata kipande kikavu. Nilimwona macho yake yanakwenda wapi.

"Usithubutu, Rukia," nikamwambia.

"Hemedi yuko Mahurunga. Nitakipangusa, nitakirudisha ndani ya boksi. Nani ataona?"

Akalipasua. Akachanganya kikombeni unga, kakao, sukari, baking pauda kidogo, mafuta na maziwa. Akapiga kwa uma mpaka uji ukang'aa, akakitia kikombe ndani na kubonyeza. Dakika mbili, keki ikapanda ikatokeza nje ya kikombe, nyeusi, laini, inanukia mpaka kwangu. Yeye aliyezoea kungoja saa nzima akipepea makaa alicheka peke yake. Shadya alikula yote akaramba na kijiko, na Rukia akajifuta machozi kwa upande wa kanga.

Mambo ya kupozana moyo hayasemwi mbele ya mwali. Shadya alichojua ni kwamba mama yake hakipendi kile chombo, basi. Kabla ya kuanza kula alikuwa ameshapiga picha, kikombe mbele, maikrowevu nyuma mlango wazi, akaiweka kwenye status ya simu yake: "Keki ya mama, dakika mbili tu. Nimepona!"

Jioni Hemedi alirudi na tabasamu ambalo ningelipiga kofi. Nyuma yake alikuwa Nassoro, hana raha, simu mkononi.

"Dada, umekitumia."

"Nimempikia mtoto, kaka. Mgonjwa."

"Najua. Lakini umekitumia, na watu wa Naliendele wameona. Nimeshasema maneno yangu mbele ya watu, sasa nitayala?"

Hemedi akasema Ijumaa italetwa mizigo ya Mwajuma, na kile chumba cha kuelekea uani kitafaa. Alisema kwa upole, mnafiki yule. Nassoro hakunywa hata maji, akaondoka.

Rukia alichukua ufagio akaingia kwenye kile chumba cha uani, chumba cha marehemu mama yake. Nilimfuata kumsaidia kutoa kitanda. Shadya alikuja akasimama mlangoni analia. Sasa alikuwa ameelewa.

"Mama, nimeifuta. Nimeifuta ile picha."

Rukia hakuinua kichwa.

"Umeshiba lakini?" akamwuliza.

"Nimeshiba."

"Haya. Nishikie huo mguu wa kitanda."