Makasha Arobaini ya Gunnvor

Kila asubuhi, kabla hajavua koti lililolowa mvua, Gunnvor Tveitnes hufungua droo ya chini ya meza yake, hutoa kasha moja la kiberiti kati ya arobaini, hulitikisa karibu na sikio la kulia, kisha hulirudisha. Sikio la kushoto halisikii vizuri tangu enzi zake za kiwandani. Leo kasha hili, kesho lile, mpaka yote yaishe, halafu anaanza upya.

Ndani ya kila kasha kuna sampuli ya elementi moja. Juu ya kifuniko ameandika alama yake kwa wino, basi. Cu ni vipande vya waya wa shaba. Pb ni risasi za kuzamishia ndoano. Zn ni zinki iliyotoka kwenye tanuri la kiwanda kilichoko mwisho wa ghuba, ambacho ndicho kinacholisha nusu ya mji wetu. Anatikisa ili ajue kama kuna mtu aliyebadilisha kitu. Mwaka jana ndani ya kasha la C alikuta zabibu kavu, na ndani ya la Fe ugoro wa kuweka mdomoni.

"Nani siku hizi anabana chuma chini ya mdomo?" aliliuliza darasa zima. Wavulana wa nyuma wakainamia madaftari yao.

Wanafunzi wake wa darasa la kumi hawakariri jedwali la ukutani. Wanatikisa kasha, wanapima uzito wake kwa kiganja, wanataja jina, wanaandika alama. Nilikuwa kwake kwa mazoezi ya ualimu majira yale ya kuchipua, na mara nyingi nilikaa pembeni nikiandika yale niliyoyaona. Aliyewashinda wote alikuwa Tiril, binti mwembamba wa fundi wa tanuri. Maandishi humchezea Tiril machoni tangu alipokuwa mdogo. Jedwali la ukutani kwake ni sisimizi waliotibuliwa. Lakini mpe kasha.

"Bati," alisema siku moja, amefumba macho. "Bati linalalamika. Zinki haina maneno mengi."

"Kama baba yako," mwenzake akamtania.

"Baba yangu ana maneno. Anayatunza tu kwa ajili ya mpira."

Mwezi wa sita mkuu wa shule alisimama mlangoni na karatasi. Hapa kwetu mwanafunzi hajui atahojiwa somo gani kwenye mtihani wa mdomo mpaka zibaki siku mbili. Akasoma majina. Tiril: sayansi, mada ni elementi.

Darasa la mafundi wa maabara alilolitaka Tiril, katika shule ya sekondari ya mjini, lina viti kumi na viwili. Mshauri wa shule alikuwa ameshampigia hesabu: Tiril alihitaji gredi nne kwenye mtihani huu, sita ikiwa ndiyo ya juu kabisa. Akipata tatu, angelazimika kusoma ng'ambo, feri mbili kutoka hapa, apange chumba peke yake akiwa na miaka kumi na sita, na baba yake abaki peke yake na zamu zake za usiku.

Siku ya maandalizi Tiril alimuuliza Gunnvor kitu kimoja. "Naruhusiwa kuja na makasha?"

"Ukiyaandika kwenye orodha ya vifaa vyako, unaruhusiwa. Lakini mtahini wa nje naye anaruhusiwa kuyafunua."

"Afunue. Kwani humo mna nini cha kuficha?"

Gunnvor alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaenda kulisafisha birika la kahawa lililokuwa safi.

Mtahini wa nje alikuwa Halvard Lote, mwalimu kutoka upande wa pili wa mlima, mtu mpole mwenye suruali iliyopigwa pasi. Neno la mwisho kuhusu gredi lilikuwa lake. Alikaa kulia, Gunnvor kushoto, mimi kwenye kona karibu na sinki nikiwa nimeruhusiwa kutazama ilimradi nisifungue mdomo. Tiril aliingia na makasha ndani ya boksi la viatu. Shingo yake ilikuwa imeshawiva nyekundu.

Halvard alikata vipande vya karatasi akabandika juu ya alama zote. Hakuharakisha. Mkasi ulisikika chumba kizima.

"Haya, karibu," alisema, akampa la kwanza.

Tiril akatikisa. "Shaba." Akaenda ubaoni akaandika Cu. La pili: salfa, S. La tatu: zinki, Zn. Kwenye risasi alisita, akaandika P, akatazama, akafumba macho, akaongeza b. Kwenye chuma hakusita kabisa. Halvard aliandika kitu kifupi kila mara. Gunnvor aliandika kila kitu.

La sita lilitoa sauti nyembamba, kama mchanga ndani ya kiatu.

"Sodiamu," Tiril akasema, na ubaoni: Na.

Halvard hakuandika. Alilifungua kasha, akamimina kidogo kwenye kiganja, akakinyoosha mbele ya Tiril. Chembe nyeupe.

"Hii ni sodiamu?"

"Ndiyo."

"Una uhakika?"

Tiril alitazama chembe zile. Wekundu wa shingo ukapanda mpaka masikioni. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika tisa. Nilimtazama Gunnvor. Mwalimu anayehoji pamoja na mtahini anaruhusiwa kuuliza swali. Angeweza kusema, "Tueleze sodiamu inahifadhiwaje," na mlango ungemfungukia Tiril. Kinywa chake kilifunguka. Kikafungwa. Kalamu yake ilisimama katikati ya neno na kuacha doa.

Dakika nane.

"Tiril," Halvard alisema taratibu, "si dhambi kutojua. Tuendelee na lingine?"

"Subiri."

"Nasubiri."

"Hii ni chumvi."

"Kwa hiyo ulikosea."

"Sikukosea mimi. Kasha limekosea." Alishtuka mwenyewe kwa jinsi alivyosema, akageuka haraka kwa Gunnvor, akarudi kwa Halvard. "Sodiamu yenyewe huwezi kuiweka kwenye kiberiti. Na unyevu huu wa kwetu? Ingechoma droo. Inakaa ndani ya mafuta, kwenye kabati la chuma, na ufunguo anao Gunnvor. Kwa hiyo humu ndani Na iliyoandikwa kwenye kifuniko ipo, ila haiko peke yake." Akaenda ubaoni. Baada ya Na aliandika C, akasimama kwa muda ambao ulinifanya nishike ukingo wa sinki, kisha l. "Klorini. Zikiwa mbali mbali, moja inawaka na nyingine inaua. Zikikaa pamoja unanyunyizia kwenye yai."

"Nani alikwambia kwamba humu kuna chumvi?"

"Niliilamba," Tiril alisema. "Mwezi wa pili. Najua hairuhusiwi, Gunnvor, samahani. Ilikuwa inasikika kama jikoni kwetu."

Halvard aliweka kasha mezani, akapangusa kiganja kwa leso. Hakucheka, lakini kujizuia kulimgharimu.

Tiril alipotoka kusubiri kwenye ukumbi, Halvard alisema, "Mimi naona tano."

"Nne," Gunnvor akajibu.

"Wewe ndiye mwalimu wake!"

"Risasi aliisahau nusu. Na amelamba sampuli ya maabara. Ni nne."

Halvard aliandika nne. Tiril alipoitwa na kusomewa, aliinama akaliokota boksi lake la viatu, akashindwa kulifunika, akatoka hivyo hivyo na makasha yakilia. Nje tulimsikia akipiga simu: "Baba. Sihami. We baba, unasikia? Sihami."

Halvard alipoondoka kuwahi feri, Gunnvor aliosha vikombe vitatu. Alivikausha. Kasha la sodiamu lilikuwa bado mezani. Alibandua karatasi ya Halvard, akalitikisa sikioni, ingawa asubuhi ile alikuwa ameshatikisa la siku hiyo.

Katika miezi yote ile sikuwa nimemuuliza jambo lolote lisilo la kazi. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza pale, wakati swali moja lake lingemwokoa mtoto.

"Kwa sababu sikukumbuka," alisema, "kama niliwahi kuwaambia kwamba ni chumvi."