Bamvua Sitaki

Dada yangu ana wivu, wala simsingizii. Ukimwambia hivyo anakujibu, "Asiye na wivu hajapenda," kisha anakutazama mpaka unaona haya kwa niaba yake. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya kumgeuza mtu aliye ng'ambo ya barabara. Kazi yake ni kuwapangia watu safari za kuvua samaki kwa starehe. Mkoa wetu umejaliwa: huku juu kuna ziwa, kule chini kuna bahari, na gari moja linakufikisha popote kabla ya chakula cha mchana. Wateja hupanda ngazi mpaka sebuleni kwetu, juu ya duka la vipuri, wanakaa kwenye kochi lililobonyea, na dada anawauliza, "Maji baridi au maji chumvi?" kama anayewauliza chai iwe na sukari au la.

Maji baridi anayajua, maana tulizaliwa kando ya ziwa. Anajua kambale wanajificha wapi, nyumba ipi ya wageni ina godoro la kulalika, na mwenye mashua yupi halewi kabla ya kazi. Maji chumvi hayajui hata kidogo, na ndiyo sababu tuna Nahodha.

Nahodha ni mwanamke wa huko pwani mwenye boti yake ya mashine. Upande wa bahari wote ni wake: chambo, barafu, jaketi za kuokolea na kuwapeleka wageni penye samaki. Dada alikuwa hajawahi kumwona ila kwenye picha moja. Mteja ameshika kolekole mkubwa, na nyuma yake amesimama mwanamke mwembamba, mikono kiunoni, anacheka. Picha hiyo dada aliikuza kwenye simu mpaka akabaki na meno tu.

"Hana mume huyu," aliniambia.

"Umejuaje?"

"Mwenye mume hachekagi hivyo."

Shida yenyewe ilikuwa shemeji, mume wa dada, maana ndiye dereva wetu. Kila safari ya bahari anaipeleka yeye, hata botini anapanda kusaidia, na akirudi hana hadithi nyingine. Nahodha kasema hivi. Nahodha anafunga ndoana hivi, tena kwa mkono mmoja. Siku moja tukila, sisi watatu, dada aliweka kijiko chini akauliza, "Kwani siku hizi tunakula wanne?" Shemeji akacheka, akaendelea na hadithi. Mwanamume mwema, lakini akili ya kunyamaza hakupewa.

Kicheko hicho hakikumtuliza dada. Aliogopa kunyang'anywa mume, basi. Ziwa lingekauka angelivumilia.

Tulikuwa tumeandaa safari ya bahari kwa meneja mstaafu wa benki na rafiki zake. Shemeji alikuwa uani anaosha gari, simu ameibana kati ya sikio na bega, anaongea na Nahodha. Dada alikuwa dirishani, juu yake. Mimi nilikuwa naye, na nilisikia kama alivyosikia.

"Bamvua?" shemeji alisema, kisha akacheka sana. "Hapana, Bamvua sitaki. Tabu tupu, kelele tupu! Nipe maji mafu, nitulie."

Dada aligeuka taratibu.

"Umesikia wanavyoniita?"

"Nani?"

"Bamvua! Jina lenyewe si linanielekea? Bam!" Akajipiga paja. "Mimi ndiye tabu, mimi ndiye kelele. Na yeye maji mafu, ametulia, mwembamba! Nitawaonyesha."

Ningemwambia nini? Sisi watoto wa ziwa. Kwetu maji yakiwa pale leo, na kesho yako pale pale; hatukuwahi kuyatafutia majina. Hata mimi niliona jina linamfaa, Mungu anisamehe.

Miadi ya shemeji na Nahodha alikata shauri kuivunja. Alimwambia mumewe kwamba wageni wameomba safari isogezwe wiki moja. Uongo mtupu, wageni aliwaambia boti ina hitilafu. Shemeji alikuna kichwa, akashusha pumzi.

"Wiki ijayo? Haya. Kwa Bamvua sina ujanja, nitavumilia tu."

Dada aliingia chumbani akaubamiza mlango. Wiki ile nzima alimpakulia mumewe chakula bila neno, na shemeji alikula akishukuru.

Wiki iliyofuata wakaenda. Jioni waliyotakiwa kurudi hawakurudi, na simu haikupatikana. Dada alikaa kwenye kochi la wateja, hakuvua hata viatu. Kesho yake karibu na mchana gari likaingia uani, shemeji akapanda ngazi, suruali imekauka kwa chumvi.

"Ulilala wapi?" dada akauliza.

"Kwenye boti. Si nilikwambia? Bamvua!"

"Usiniite hivyo mbele ya mdogo wangu!"

Shemeji alimtazama kama mtu aliyepotea njia. Ndipo akaeleza. Bamvua ni maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo: yakijaa yanajaa mno, yakipwa yanakwenda mbali mno. Maji mafu ndiyo ya katikati, yametulia, unavua na kurudi mapema. Meneja alikuwa amenasa samaki, hakukubali boti igeuzwe, na kufumba na kufumbua wakawa wamekaa juu ya mchanga. Wageni walitembea mpaka ufukweni wakatafuta pa kulala. Boti haiachwi peke yake, kwa hiyo walibaki wenyewe kuilinda mpaka maji yarudi.

"Wenyewe nani?" dada akauliza, ingawa sote tulijua.

"Mimi na yeye."

Wiki ya kwanza, ya maji mafu, shemeji angekuwa nyumbani kabla ya chakula cha jioni. Ni dada, kwa uongo wake, aliyewapa boti moja, mwezi mpevu juu yao na asubuhi mbali.

Hakupiga kelele. Alimtengea maji ya kuoga, akampa chakula, akaketi mbele yake akisubiri hadithi. Shemeji alisimulia kolekole, alisimulia mchanga, alisimulia jinsi meneja alivyopoteza kiatu kwenye tope. Alimaliza chakula chote.

"Na Nahodha," dada akasema kwa sauti ndogo nisiyoijua, "hajambo?"

Shemeji aliinamia sahani iliyokwisha kuwa tupu.

"Nahodha yupi?" akasema.