Presha Niliyoiandika Bila Kupima

Rafiki yangu ninayempenda kuliko baadhi ya ndugu zangu, na ndugu wakisoma hapa wanisamehe, ni mkulima wa ufuta na korosho. Sasa ni bibi mwenye wajukuu, na mdomo wake haujazeeka. Nilimfahamu mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilipopangiwa kazi ya uuguzi kwenye zahanati ya kijiji kimoja upande wa Ruangwa. Mimi ni mtu wa Upareni. Nilishuka kwenye lori na sanduku la bati, nimevaa viatu vyeupe vya kazi, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunicheka. Alisema kwa udongo wa kwao, viatu vile vitafika Ijumaa vikiwa vyekundu. Ilikuwa Jumatatu, na vilifika Jumatano.

Alinifundisha kupika mboga za majani kwa ufuta uliotwangwa. Alinifundisha salamu za Kimwera, na kila nilipozikosea alizirudia kwa sauti kubwa ili kijiji kizima kifaidi. Ilikuwa miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, lakini kwake sikuwahi kutoka mikono mitupu.

Alipopata mimba yake ya kwanza akaja kliniki kwangu, na hapo ndipo aibu yangu inapoanzia. Mashine ya kupimia presha ilikuwa imepelekwa wilayani kutengenezwa tangu kabla sijafika, na haikurudi. Mkubwa wangu, mganga msaidizi aliyekuwa amechoka na kazi, alinieleza kwamba wakaguzi wakiona nafasi tupu kwenye kadi wanagomba, wakiona namba wanapita. Kwa hiyo yeye alikuwa akiandika mia na ishirini kwa themanini, kila mama, kila mwezi. Nami nikaandika. Ukisoma kadi zetu, wajawazito wote wa kijiji walikuwa na presha moja, mwenye miaka kumi na saba na mwenye arobaini. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikazoea, na mazoea yana taabu.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, miguu yake ikavimba. Nani angeshtuka? Wifi yake alisema ni dalili ya mtoto wa kiume. Mumewe alitembea kifua mbele, maana watu walimsifu kwamba mkewe amenawiri, anatunzwa. Mimi nilimtania kwamba amekula ufuta wote wa kuuza. Wiki mbili baadaye akaja akilalamika kwamba kichwa kinamuuma na anaona vimulimuli mchana kweupe. Nikampa klorokwini. Kule kila kichwa kilichouma kilikuwa malaria, na dawa iliyokuwepo kabatini ndiyo iliyoamua ugonjwa. Nikaandika mia na ishirini kwa themanini, nikamwambia apumzike.

Hapo ndipo ninapojikasirikia mpaka leo. Mashine sikuwa nayo, kweli, lakini kidole gumba nilikuwa nacho. Chuoni tulifundishwa kubonyeza mfupa wa mguu na kuangalia kama shimo linabaki. Tulifundishwa kuchemsha mkojo kidogo kwenye kichupa na kuangalia kama unaganda kama ute wa yai. Makaa yalikuwa jikoni kwangu, na kila asubuhi niliyatumia kuchemshia chai. Vifaa vya kunitosha nilikuwa navyo. Nilichokosa ni hofu, kwa sababu zile namba nilizoziandika kwa mkono wangu mwenyewe, nilikuwa nimeanza kuziamini.

Siku ya nne alianguka shambani akipalilia, akakakamaa na kutoa povu. Wakwe zake walisema ni shetani, wakamfukiza ubani. Siwalaumu, wao hawakusomea. Waliponiita nilimtazama mara moja tu nikajua ni kifafa cha mimba, na nikajua kilianza lini. Kwa bahati lilikuwepo lori lililokuja kuchukua korosho. Tulimlaza juu ya magunia, kichwa chake mapajani mwangu, mpaka Nachingwea. Njiani alikakamaa tena mara mbili, nami nilikuwa nalia na kumsemesha Kimwera changu kibovu, nikitumaini ataamka anicheke. Hospitalini walimwokoa. Mtoto, wa kike, alitoka akiwa amekwisha kufa.

Siku ya tatu alipopata fahamu vizuri, alinishika mkono akanishukuru. Alisema bila mimi angezikwa na mwanawe. Ningeweza kunyamaza. Mkubwa wangu, aliyetufuata hospitalini, alikuwa ameshanishauri ninyamaze, kwa kuwa kadi ilikuwa safi na mama alikuwa hai. Nilikaa ukingoni mwa kitanda chake nikashindwa kuzipokea shukrani zile.

"Dada," nikamwambia, "presha yako sikuwahi kuipima. Zile namba niliziandika tu."

Hakuelewa mara moja. Nikarudia, nikamweleza habari ya mashine, ya miguu, ya vimulimuli, yote. Aliuondoa mkono wake taratibu, akageukia ukutani.

Mwaka mzima na zaidi hakunisalimia. Haki yake, lakini niliumia sana, maana nilimpenda, na kicheko chake nilikisikia kila siku kisimani bila kuwa changu. Kila mwisho wa mwezi nilikwenda wilayani kudai mashine. Nilikaa kwenye benchi la ofisi mpaka wakanichoka, wakanipa. Mkubwa wangu akasema najitafutia ukubwa. Kadi zangu zikaanza kuwa na namba za kila aina, na mashine ilipogoma niliacha nafasi tupu, na wakaguzi waligomba kweli.

Kisha, asubuhi moja ya kliniki, rafiki yangu akaingia na tumbo la miezi minne. Wakati huo tulikuwa tumeletewa nesi mwingine, msichana hodari, na foleni yake ilikuwa fupi. Alimpita, akapanga foleni yangu, na zamu yake ilipofika akaketi mbele yangu. Sikujua niweke wapi macho. Nilimwambia yule mwenzangu amesoma kunizidi, na ana mkono mwepesi, aende kwake.

"Huyo hajawahi kunipotezea mtoto," akasema. "Ataniona kama anavyowaona watu wote. Mimi nataka mtu wa kuniogopea."

Nikamfunga kitambaa cha mashine, nikaanza kupampu. Namba niliyoisoma sikuiamini, ikabidi niachie hewa nianze upya, mara ya pili na ya tatu. Wanawake waliokuwa nyuma yake wakaanza kunung'unika kwamba jua linapanda. Yeye aliuacha mkono wake umenyooka juu ya meza, akangoja.