Dhiraa ya Babu, Dhiraa ya Fundi

Juzi fundi alikuja kufunga bomba la moshi kwenye tanuri la mkate la binti yangu, nyuma ya nyumba yao ya Shangani. Bomba lenyewe lina kuta mbili, moja ndani ya nyingine, linang'aa kama sufuria mpya. Nikavuta kiti nimtazame. Alipogonga bati likalia, akili yangu iliondoka polepole, ikaenda kutua Mahurunga, jikoni kwa bibi.

Ungelipenda jiko lile, rafiki yangu. Paa la makuti, kuta za udongo, harufu ya ming'oko, vile viazi vya porini, ikichemka na muhogo ukichomwa kwenye makaa. Humo bibi alipikia, na humo humo alinisomesha Kurani, maana asubuhi yote alikuwa shambani. Mimi nasoma, yeye anasonga ugali, na nikikosea herufi mwiko unasimama. Sikuhitaji kuambiwa.

Lakini moshi ulikuwa unamla macho. Mwaka ule ncha ya kanga yake ilikuwa imelowa kutwa, na maandishi ya msahafu akawa anayaona kama mchanga uliomwagwa. Jioni moja alimwambia babu kwamba afadhali nitafutiwe mwalimu mwingine. Nilikuwa nimebakiza juzuu chache tu, na sikumtaka mwingine.

Kesho yake babu alikwenda kwa fundi bati akaagiza bomba. Makuti hushika moto upesi, na jirani yetu alikuwa ameshaunguliwa na nyumba, kwa hiyo walikubaliana liwe bomba ndani ya bomba, katikati papite hewa, la nje lisipate joto la kuchoma paa. Urefu babu alikuwa ameupima kwa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole, akamtajia fundi dhiraa zake. Fundi naye akapima bati kwa mkono wake mwenyewe, akakata.

Siku ya kulifunga, moto ukawashwa, nasi tukangoja. Moshi ulitoka juu, ukapigwa na upepo wa kusi, ukarudi wote ndani. Mdomo wa bomba ulikuwa umeishia chini ya mgongo wa paa. Tulitoka tunakohoa, bibi mbele, mwiko mkononi.

Babu akamuuliza fundi kama bati lililobaki limeliwa na panya. Fundi akajibu kwa adabu kwamba dhiraa alizotajiwa ndizo alizokata. Wakabishana kidogo, kisha wakasimama kiwiko kwa kiwiko, wakanyoosha mikono. Vidole vya fundi viliishia kwenye kiganja cha babu.

"Sasa mzee," fundi akasema, "si ungeniachia na mkono wenyewe?"

Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

Safari hii babu alipanda paani na ufito, akaukata pale pale ulipopita mgongo wa paa, akampa fundi aende nao. Fundi akaongeza kipande, akakichomeka ndani ya kile cha chini ili masizi yakitiririka yasitoke nje. Moshi ukapanda umenyooka, nasi tukakaa uani tukiutazama kama wageni.

Macho ya bibi hayakurudi kuwa ya ujana, ila yalikauka, na kwangu yalitosha. Jiko lile leo halipo, pamebaki mikorosho. Wote wale wametangulia mbele za haki, Mungu awarehemu. Nimejaliwa uzee na watoto wanaopika kwa gesi bila kukohoa, nami nashukuru. Ila tangu siku zile sijasoma tena mbele ya mtu anayesonga ugali huku akiisikiliza kila herufi yangu.

Siku niliyohitimu Kurani, bibi aliniwekea mkono kichwani, machozi yakammiminika. Babu akainua uso haraka kulitazama bomba.

"Si moshi, baba," bibi akamwambia.