Baba alivyorudia zumari uzeeni, na ndege wakahama shamba

Wakuu, nawasalimu. Mimi ni bibi wa karibu miaka tisini, wa hapa hapa Rufiji. Anayebonyeza simu ni mjukuu wangu, maneno ni yangu. Chumvi sitii, na wala haihitajiki, mtaona.

Ni enzi za Mwingereza. Tulikaa bondeni, jirani na Utete, tunalima mpunga. Nilikuwa msichana mkubwa, nakaribia kuposwa.

Baba ujanani alikuwa mpiga zumari. Akialikwa harusini, anaondoka Jumatatu hii, anarudi Jumatatu ile.

Alipokwenda kumposa mama, babu mzaa mama akamwambia, "Binti yangu simpi mtu wa ngomani. Chagua."

Akachagua mama. Zumari akaifunga kitambaa, akaichomeka kwenye paa. Miaka thelathini hakuigusa.

Masika moja nyumba ikavuja. Baba akapanda kuezeka, akakawia huko juu. Akashuka ameikumbatia kama kichanga.

Mama akamtazama, akasema tu, "Kamwombe aliyekukataza."

Maana babu alikuwa hai bado!

Basi baba, mtu mzima wa hamsini na kitu, akaoga, akavaa kanzu ya Idi, akaenda kwa mkwewe kama anayeposa upya. Nilimsindikiza, nimebeba kuku wa heshima.

"Baba, nimekuja kuomba ruhusa nipige zumari."

Babu akamkazia macho. "Bado unayo?"

"Ninayo."

"Haya piga, nisikie."

Baba akajaza mashavu. Kumbukeni meno ya mbele yalishapungua. Ikatoka sauti, sijui niifananishe na nini. Mbuzi wa babu alikata kamba.

Babu akamsindikiza mbuzi kwa macho. Kisha akasema, "Miaka yote hii najilaumu, nimemnyamazisha fundi. Kumbe niliwaokoa watu!"

Wallahi tulicheka mpaka kuku akanitoka mikononi. Baba mwenyewe kaketi chini, hajiwezi. Babu anafuta machozi kwa kikoi.

"Nenda kajifunze upya," akamwambia. "Ruhusa unayo."

Akaanza upya, kama mwanafunzi. Kwa aibu akahamia dunguni, kile kibanda cha juu cha kufukuzia ndege shambani.

Ndege hawakutua tena! Majirani wakawa wanakuja: "Shemeji, kesho elekeza na upande wetu." Yeye akadhani anasifiwa, akazidisha.

Lakini pumzi ikarudi kidogo kidogo. Akajua namna ya kubana midomo pale penye pengo. Asubuhi moja wanawake wanavuna, wakajikuta visu vinakwenda kwa mwendo wa zumari. Mmoja akaitikia. Wakaitikia wote.

Baada ya mavuno jirani akamwoza binti yake, baba akaitwa.

Akapiga. Watu wakatazamana kwanza, halafu uwanja ukafurika. Mama yangu, ambaye hata kucheka aliziba mdomo, akafunga kanga kiunoni, akapasua umati, akasimama mbele ya mumewe akacheza. Baba akasahau pumzi, sauti ya zumari ikakatika. Mama akamfokea mbele za watu, "Usiache sasa!"

Sijapata kuwaona wazazi wangu wadogo vile.

Nilichojifunza: ukirudia ulichokiacha, utaanza vibaya na utachekwa. Cheka nao, kisha endelea.

Haya wakuu, nanyi mmeacha nini? Semeni, nitasomewa yote, hata ya kunibishia.