Vijiti Mkononi mwa Baba

Tak, tak, tak-tak. Sauti ilipenya ukuta wa mabati uliotenganisha jiko letu na chumba cha nyuma, ikanyamaza, ikaanza tena. Mimi nilidhani ni ndege anadonoa dirisha. Mama alisema ni panya, na panya huyo ana adabu, maana anapumzika kati ya tonge na tonge. Tuliacha kuparua magamba ya samaki tukasikiliza, kisha nikatumwa nikaangalie.

Alikuwa mpangaji wetu mpya, Mjapani, mtaalamu wa mpunga aliyekwenda kila asubuhi kwa pikipiki kwenye mashamba ya Kano. Alikaa mkekani, bakuli la bati karibu na kidevu, akila wali kwa vijiti viwili vyembamba.

"Karibu, dada mdogo," alisema. "Je, umekwisha kula?"

Kiswahili chake kilitoka kitabuni, kila neno limevaa viatu na soksi. Chetu sisi wa Kisumu kilitembea pekupeku. Nilikimbia kurudi jikoni.

"Anakula kwa sindano za kufuma!"

Mama alicheka hadi akashika goti. Nilimtazama kwa mshangao, kwa sababu ilikuwa imepita miezi mingi bila mtu kucheka namna hiyo nyumbani kwetu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa na miaka kumi. Miaka miwili kabla ya hapo, stovu ya mafuta taa ililipuka moto sebuleni, hatua mbili kutoka kitanda changu. Baba aliinyakua kwa mkono wa kulia, akaibeba ikiwaka, akaitupa uani. Niko hai kwa sababu hiyo. Kiganja chake kilipona vibaya. Vidole viwili vya mwisho vilijikunja kwa ndani na havikufunguka tena, na ngozi ilikuwa nyembamba kiasi kwamba ugali wa moto uliipasua. Vidole vitatu vilivyobaki viliweza kushika kalamu, kwa hiyo aliendelea na ukarani wake kule gatini. Kula ndiko kulikomshinda. Ugali unataka kiganja kizima: umege, uviringishe, ubonyeze. Mkono wa kushoto mezani kwetu haukuwa jambo la kujadiliwa. Kijiko alikijaribu, lakini samaki wa ziwani wana miiba, na kijiko hakijui mwiba.

Basi alikula chumbani, pazia limeshushwa, mama akimtolea miiba mmoja mmoja. Nje ya nyumba hakula kabisa. Popote alipoalikwa alisema, "Nimeshiba."

Alisema hivyo mara tatu nyumbani kwa kaka yake mkubwa, kule Bondo. Kwetu, mtu akikataa chakula cha kaka yake mara tatu, amesema kitu juu ya chungu cha mke wa kaka yake, hata kama hakufungua mdomo. Baba mkubwa alijua habari za moto, ila mkono wenyewe hakuwahi kuuona. Kila walipokutana ulikuwa mfukoni mwa koti. Alituma neno: "Kama anaogopa sumu ya nyumbani kwangu, asikanyage tena."

"Mweleze," mama alimsihi baba.

"Nimweleze nini? Kwamba nalishwa?"

Ndugu hawa walikuwa wamelala mkeka mmoja utotoni. Sasa mwaka ulikuwa unakwisha bila salamu.

Mimi wakati huo nilihamia mlangoni kwa Mjapani. Alinifundisha kwa punje za mahindi: kuzihamisha kutoka sahani hadi kikombe, moja moja. Kijiti cha chini kinalala kwenye kidole cha nne na hakitembei, alisema. Kazi yote ni ya kijiti cha juu. Kidole changu kilicheza, punje zikaruka hadi uani kwa kuku, ambao walijifunza saa za somo kabla yangu. Mama naye alichongewa vijiti vyake kwa ufito wa mwanzi, virefu kama mkono wangu, vya jikoni. Tangu ule moto alikuwa anaogopa mafuta yanayochemka. Alikuwa anamrusha samaki kwenye karai na kukimbia, ndiyo maana ngege wetu, wale perege wa ziwani, walikuwa weusi upande mmoja. Sasa alisimama mbali, akaingiza ncha mbili za mwanzi chini ya samaki, akamgeuza taratibu kama unavyomgeuza mtoto usingizini. Jioni ya kwanza alipofanikiwa aliniita nione. Samaki alikuwa wa dhahabu pande zote mbili. Tulisimama tu tukimtazama, kama wageni kwenye maonyesho ya kilimo.

Jumamosi moja baba alikuja mlangoni kwa mpangaji kumletea barua kutoka posta. Aliishika kwa vile vidole vitatu. Mjapani aliipokea, lakini macho yake yalibaki kwenye mkono.

"Mzee," alisema, "mkono wako uko tayari."

"Tayari kwa nini?"

"Huyu binti nimemwambia wiki mbili: kunja kidole, usikitikise. Hawezi. Chako kimekunjwa vizuri. Hakitikisiki."

Nilitazama sakafu. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuutaja mkono ule kwa sauti, na huyu ameusifia! Nilingoja hasira. Baba alivua viatu, akaingia, akaketi mkekani kando yangu. Kijiti cha chini kililala kwenye kidole kilichopinda kana kwamba kilikuwa kimetengenezewa rafu. Punje ya kwanza ilianguka. Ya pili pia. Ya tatu aliiinua, akaivusha hewani, akaiweka kwenye kiganja changu. Nimepewa vitu vingi maishani. Punje ile bado naihisi uzito wake.

Majuma yaliyofuata baba alikula sebuleni. Mama alisonga ugali mgumu zaidi, akaukata vipande vidogo kwa uzi. Na kwa samaki, hakuna aliyemfikia baba. Ncha zile ziliingia kati ya miiba, zikatoa nyama nyeupe, zikaacha mfupa msafi kama kitana.

Ndipo mama alipomwita baba mkubwa bila kumuuliza mtu.

Alikuja Jumapili baada ya ibada. Aliketi bila kuvua kofia.

"Nimekuja kwa sababu mke wako ameniita," alimwambia baba. "Kwa heshima yake tu."

"Karibu, shemeji," mama alisema, akaweka sahani moja kubwa katikati yao.

Nilipitisha beseni na jagi. Baba aliutoa mkono mfukoni, akanawa, akachukua vijiti. Baba mkubwa alikodoa macho.

"Hii ni nini, omera, ndugu yangu? Unashona chakula?"

"Nakula."

"Na ugali umekatwa kama sabuni."

"Onja, shemeji," mama alisema. "Hautoi povu."

Baba mkubwa hakucheka. Baba aliinama juu ya kichwa cha samaki. Alipenyeza ncha chini ya jicho, pale penye kipande kitamu kuliko vyote, ambacho ni haki ya mkubwa. Kipande kilitoka kizima. Alikivusha sahani yote na kukiweka mbele ya kaka yake. Ili kufika pale ilibidi kiganja kigeuke juu, na kovu lote likaonekana, pamoja na vile vidole viwili.

Baba mkubwa aliutazama mkono, si samaki.

"Tangu lini?"

"Tangu ule moto."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Kwamba mke wangu ananitolea miiba kama mtoto?"

"Ungesema hivyo hivyo! Wangu amelia mwaka mzima juu ya sufuria zake, anazisugua, ananiuliza amekosa nini. Kumbe ni miiba!"

Akavua kofia. Akakila kile kipande, akatafuna polepole. Halafu akadai vijiti ajaribu mwenyewe, na ngege akaruka hadi kwenye suruali yake ya kanisani.

"Hivi vinataka kidole kibovu," baba alisema. "Wewe una vizima, pole."

Mama aligeukia ukuta, mabega yakitikisika. Alikuwa anacheka, au analia, sikujua, na sikumuuliza.

Mjapani alirudi kwao mwaka uliofuata, na sijui kama alielewa alichotutendea. Namshukuru hapa, kwa Kiswahili chenye viatu, kama angependa.

Lakini siku ile, sahani ilipobaki mifupa, baba mkubwa alisimama na kufunga vifungo vya koti.

"Jumapili ijayo, kwangu," alisema. "Shemeji yako atapika. Na atakutazama mdomo mpaka umeze."

"Nitameza."

"Mbele yake."

"Mbele yake."

Baba alitafuta viatu vyake amsindikize hadi kituo cha basi. Walibishana kidogo pale kizingitini nani atangulie, mkubwa akashinda, mdogo akafuata, na mlango ukafungwa nyuma yao.